Malalamiko Kuhusu Sahani Iliyokataa Kuvunjika

Alfons Purucker
Msimamizi mstaafu wa tanuri
Njia ya Kanisani 4, Kaltenreuth

Jumapili, 7 Septemba

Kwa Profesa Daktari Roswitha Hüttner,
Mkuu wa Maabara ya Kauri Mpya

YAH: SAHANI MOJA NYEUSI ISIYOVUNJIKA, NA MADHARA YAKE KWA FAMILIA YANGU

Mheshimiwa Profesa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na matanuri yako yote. Mimi si mzima sana, ndiyo maana naandika. Sina desturi ya kulalamika. Katika miaka arobaini na mmoja niliyokaa mbele ya tanuri namba mbili la kiwanda chetu cha kauri nililalamika mara tatu tu, na mara mbili ilikuwa kuhusu kahawa. Kwa hiyo nakuomba uamini kwamba mpaka mtu kama mimi anashika kalamu siku ya Jumapili, baada ya ibada na kabla ya chakula, mambo yamefika pabaya.

Mambo yenyewe ni haya. Mtafiti wako Tilman Häberle, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja na viatu ambavyo havijawahi kufungwa kamba, atamwoa binti yangu Annelie Jumamosi ijayo, saa tano asubuhi, mbele ya msajili wa ndoa. Ijumaa iliyopita tulifanya jioni ya vigae hapa nyumbani. Wewe ni mtu wa Hamburg na sijui huko kwenu mnavunja nini, lakini huku kila mgeni huja na chombo cha kauri akakipasua mbele ya mlango wa bibi arusi. Kisha maarusi wanachukua ufagio na kizoleo, wanafagia vigae pamoja huku watu wakiwacheka, na bahati yao inahesabiwa imeingia nyumbani. Kioo hakivunjwi, kioo ni mkosi. Ni kauri tu. Na katika mji ambao nusu ya watu walilelewa na kiwanda cha kauri, hilo halifanyiwi mzaha.

Tilman alikuja na sahani aliyoitengeneza mwenyewe katika maabara yako. Haikuvunjika. Malalamiko yangu nayapanga kwa namba ili katibu wako apate urahisi wa kuyaweka kwenye faili.

1. Sahani hiyo haina asili.

Ya kwanza ya aina yake, ya majaribio na yenye ufa ukingoni, niliiona mwezi Mei. Annelie alimleta Tilman kula Jumapili, na kwa heshima ya mgeni akanipakulia mimi baba yake kwenye sahani aliyokuja nayo mgeni: matonge mawili ya viazi, nyama ya nguruwe, na mchuzi. Sasa, Profesa, mtu wa Kaltenreuth akiwekewa sahani asiyoijua hufanya kitu kimoja kabla ya kusali. Huigeuza atazame muhuri wa kiwanda chini yake. Tunafanya hivyo hotelini, tunafanya hivyo hospitalini, na mjomba wangu alifanya hivyo kwa askofu. Nilikuwa nimeshaigeuza nilipokumbuka kwamba ina chakula. Matonge yalikwenda chini ya kabati, mchuzi ulibaki na mimi.

Na chini ya sahani hapakuwa na muhuri. Hapakuwa na kitu. Ilikuwa nyeusi juu, nyeusi chini, nyeusi ubavuni, kama kitu ambacho sisi kiwandani tungekitupa na kumwita aliyekichoma aje ajieleze.

Nikamuuliza, kwa upole wa mtu mwenye mchuzi mapajani, udongo wake unachimbwa wapi. Akajibu kwamba hautoki ardhini, unatoka kwenye chupa. Nikadhani ni utani wa watu wa Swabia, kwao Tilman. Wiki iliyofuata akanichukua mpaka kwako akanionyesha. Ni kweli. Ni uji wa plastiki mzito kama asali, hauna rangi, una harufu iliyomfanya mke wangu Traudl aniulize niliporudi nani amepaka nywele dawa. Mnauchanganya na unga wa kijivu, mnaumimina kwenye umbo, mnaufungia ndani ya tanuri lisilo na hewa ya kawaida, nitrojeni tupu, na mnauchoma mpaka plastiki inasahau kwamba ilikuwa plastiki. Inatoka jiwe, na nitrojeni imefungiwa ndani yake milele.

Mimi nimechoma sahani zisizo na idadi. Kilichoingia udongo kilitoka udongo, kimekauka tu na kupata adabu. Kitu kinachoingia hiki na kutoka kile sikioni sawa. Mtu anayekizoea kazini anaweza kukizoea na nyumbani.

2. Sahani hiyo inafundisha mambo ya ndoa bila kuulizwa.

Tilman alitueleza mezani kwamba uji wake ukichomwa peke yake hunywea karibu theluthi nzima, na kwa kunywea huko hupasuka. Sisi pia kauri yetu hunywea, lakini kwa kiasi cha staha. Ndipo unapoingia ule unga wa kijivu. Unga unakula nitrojeni ndani ya tanuri na kuvimba. Huyu akinywea, yule anavimba, na sahani inatoka na ukubwa uleule ulioingia nao.

Traudl akaweka uma chini. “Hiyo si sayansi, mwanangu,” akamwambia. “Hiyo ni mimi na Alfons. Alivyostaafu yeye akanywea, mimi nikavimba, na nyumba haijabadilika ukubwa.”

Walicheka wote, binti yangu zaidi ya wote. Sikuona cha kuchekesha. Ninachosajili hapa ni kwamba tangu siku hiyo kila nikinyamaza kidogo ndani ya nyumba yangu, mtu anasema nimeanza kunywea.

3. Nilidanganywa nikatoa msaada.

Hili linaniuma, na naomba ulisome ukiwa umekaa. Tilman alikuwa ametengeneza sahani thelathini na tisa. Zote zilipasuka tanurini. Alinionyesha vipande vyake, amevipanga kwenye sanduku na kila kimoja kimeandikwa tarehe, kama makaburi ya jeshi. Mimi sijui kemia, lakini kipande kilichopasuka nakisoma kama wewe unavyosoma gazeti. Nikamwambia, bila kukusudia jema lolote, kwamba anaharakisha. Ule uji ukiiva unatoa moshi wake, na moshi usipopewa nafasi ya kutoka polepole unavunja mlango. Nikamwambia, “Mwache apumue.” Ni neno tulilokuwa tunaambiana kiwandani, na lilinitoka tu.

Basi kijana akaniomba nikae naye. Nilikaa siku tatu kwenye maabara yako, juu ya kile kiti chenu kisicho na mgongo, tukipandisha moto digrii moja moja. Mke wangu alituletea soseji. Tilman hakuongea sana, jambo ambalo kwa mwanasayansi nililihesabia wema. Siku ya tatu tulipofungua, sahani ya arobaini ilikuwa nzima. Niliigonga kwa ukucha. Iliitika vizuri, sauti ndefu na safi, na sitakuficha kwamba nilitoka nje nikavuta pumzi kidogo peke yangu.

Akaniambia, “Bwana Purucker, hii ni ya kwetu wote wawili.” Ananiita Bwana Purucker mpaka leo kwa sababu sijampa ruhusa ya kuniita vingine. Narudia kwamba nilidanganywa.

3½. Naliweka hapa katikati kwa sababu nililitambua baadaye.

Kwa ajili ya sahani hiyo ya arobaini, Tilman alikwenda kusimama mbele ya mkutano wa wataalamu na kuwaonyesha. Kwa sababu aliwaonyesha, Wajapani wawili walimshika mkono. Kwa sababu walimshika mkono, sasa ana barua ya kazi kutoka Sendai. Na kwa sababu mkataba wake kwako ni wa muda, kama mikataba yote ya vijana wenu, na unakwisha tarehe thelathini mwezi huu, atakwenda. Na binti yangu, ambaye ni mmoja tu, ambaye miaka yote amekuwa akija kila Alhamisi kucheza karata na sisi na kuniibia ushindi, atakwenda naye.

Kwa lugha nyingine, Profesa, nilikaa siku tatu kwenye kiti kibovu ili binti yangu ahamie Japani. Naomba nirudishiwe ushauri wangu. Ulitolewa kwa matumizi ya hapa nyumbani.

4. Sahani iliharibu jioni ya vigae.

Ilianza vizuri. Walikuja watu sitini. Kwaya ilivunja mabakuli ya supu, wazima moto walivunja sinki zima, na jirani yangu Gerch Zeitler akavunja seti ya kahawa ya mama mkwe wake kwa furaha ambayo mkewe aliiona. Kisha Tilman akaja mbele na sahani yake nyeusi. Akasema maneno mawili matatu kwamba ni kitu bora alichopata kutengeneza maishani, kwa hiyo ndicho kinachofaa kuvunjwa. Wanawake wakaguna kwa huruma. Akaitupa kwenye kizingiti.

Kizingiti chetu ni cha jiwe la mlima wetu, kiliwekwa na babu yangu. Sahani iligonga, ikaruka, ikavunja taa ya nyuma ya gari la mchungaji, ikarudi na kutulia kwenye majani. Nzima. Kizingiti kilikuwa kimetoka kipande cha ukubwa wa yai.

Halafu Zeitler akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, “Si nilisema? Mswabia ni bahili, hatupi kitu. Kaleta sahani ya kurudi nayo nyumbani.”

Baada ya hapo haikuwa sherehe tena, ilikuwa kazi ya mtaa. Ilitupwa mara saba. Mkuu wa wazima moto aliipiga nyundo, mpini ukavunjika, wakapiga makofi kwa sababu angalau kitu kimevunjika. Zeitler akaleta trekta akapita juu yake, mbele na nyuma, sahani ikazama kwenye bustani ya Traudl kama kiazi cha mbegu na ikabidi tuichimbue. Mtu akapendekeza mnara wa kanisa. Mchungaji alikataa. Alikuwa bado anaitazama taa yake.

Maarusi walifagia vigae vya watu wengine. Cha kwao hakikuwemo.

5. Dada yangu Babette ametoa hukumu.

Babette ana miaka sabini na tisa, alipaka dhahabu kwenye kingo za vikombe maisha yake yote, na katika mambo ya ndoa, mazishi na uyoga hakuna wa kumpinga Kaltenreuth. Aliitwa akaja akaigusa sahani kwa ncha ya fimbo. Akasema hajawahi kuona, mama yake hakuwahi kuona, na kwamba chombo cha bwana arusi kikikataa kuvunjika mlangoni, ndoa haijaanza. Si kwamba ni mbaya, alisema. Haijaanza tu. Waliokuwepo walisikia.

Nakiri kwamba nilipolisikia neno hilo nilipata nafuu fulani kifuani. Nilisimama juu ya kiti cha bustani nikatangaza, kama mwenye nyumba, kwamba kwa mujibu wa desturi harusi itabidi isogezwe mbele mpaka sahani ivunjike. Nilitangaza kwa utulivu. Traudl anadai nilikuwa natabasamu.

Annelie alinijia na ufagio bado mkononi. Hakupandisha sauti. “Baba,” alisema, “Jumamosi saa tano nitakuwa kwa msajili, ivunjike isivunjike. Kiti chako kitakuwepo. Kama hutaki kukikalia, baki hapa na sahani yako.”

Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa kufuata desturi. Akanitazama, akaenda zake kufagia. Hajaja tangu hapo, na nyumba yake ni ya karibu. Nimemwambia Traudl kwamba kama sahani haijavunjika, Jumamosi siendi. Neno hilo nimeshalitamka, na mimi si mtu wa kurudisha neno.

6. Serikali yenyewe haiitambui.

Jana asubuhi niliipeleka kwenye kituo cha taka cha manispaa, nikisema labda wenye mashine zao wataisaga na tumalizane. Unajua pale kila kitu kina pipa lake. Mama msimamizi, Bibi Nüssel, aliipokea, akaipima mkononi, akaniuliza ni plastiki au ni kauri.

Nikamwambia ilikuwa plastiki, sasa ni kauri.

“Mimi naandika ya sasa au ya kuzaliwa?”

Akafungua orodha yake akaisoma mpaka ukurasa wa mwisho, akatembea nayo kutoka pipa hadi pipa, vioo, vifusi, vyuma, betri. Mwishowe akanirudishia. “Mzee Purucker,” akasema, “sisi hapa tunapokea vitu vilivyokwisha. Hiki hakijakwisha. Kapakulie chakula.”

Nilirudi nayo nyumbani. Ipo hapa mezani ninapoandika, na nimeiwekea mkate wa jana, si kwa kuipenda, bali kwa sababu sahani nyingine zote zilivunjwa Ijumaa.

Mheshimiwa Profesa, kutokana na hayo sita na nusu, nawasilisha maombi yafuatayo, ambayo naamini ni ya wastani.

Kwanza, toa hati yenye mhuri ikieleza kwamba kitu hiki si kauri, ili kisihesabiwe katika desturi. Nimeshafikiria kwamba hati hiyo itaifuta pia maabara yako, yenye neno kauri kwenye kibao cha mlangoni, lakini kila mtu katika suala hili anapoteza kitu.

Pili, kama huwezi kutoa hati hiyo, basi ni wazi kwamba mtafiti wako ametengeneza kauri yenye kasoro, maana kauri isiyovunjika haijakamilika. Na mtu hawezi kuondoka kazini akaacha kazi haijakamilika. Naomba abakizwe maabara mpaka atakapotengeneza sahani inayovunjika inavyotakiwa. Utaniuliza itachukua muda gani. Mimi ilinichukua miaka arobaini na mmoja kujua kwa nini sahani inavunjika, na nilikuwa mwepesi wa kuelewa. Kwa hiyo napendekeza mkataba wa miaka arobaini na mmoja, wa kudumu, na chumba chenye dirisha. Ukiona ni mwingi, tunaweza kuzungumza, lakini si chini ya thelathini na tano. Mimi sitakuwepo kuukagua mwisho wake, ila Alhamisi zitakuwa zimelindwa.

Tatu, waandikie Wajapani. Usiwaandikie uongo. Waandikie kile cheti chetu cha kazi cha kawaida, kwamba Bwana Häberle “alijitahidi daima kadiri ya uwezo wake.” Mjerumani yeyote akisoma hivyo anajua mtu huyu asiachiwe hata mwavuli. Hofu yangu ni kwamba Mjapani atalichukua kuwa sifa. Ikiwa hivyo, ongeza kwamba alikuwa “mchangamfu na wenzake,” ambayo kwetu maana yake ni mlevi, na kama bado hawajaelewa, chora sahani iliyopasuka pembeni.

Nne, kama yote hayo hayawezekani, naomba unieleze wewe mwenyewe, mwanamke msomi, ni kwa nini kitu kikitengenezwa vizuri lazima kiende mbali. Tulikuwa na mafundi bora kuliko wote wa milima hii, wakaenda. Kiwanda kilipofungwa, tanuri langu lilinunuliwa na kufunguliwa tofali kwa tofali, likaenda. Kila mara walituambia ni kwa sababu ni zuri. Sasa ni zamu ya mtoto. Sikutakii ubaya, nauliza tu, na jibu laweza kuwa fupi.

Nangoja majibu kabla ya Jumamosi saa tano, kwa sababu baada ya hapo yatakuwa hayanisaidii.

Nisalimie katibu wako aliyenipa mto wa kukalia siku ya pili. Nisalimie yule bwana anayeleta mitungi ya nitrojeni na mwambie ngazi zile zitamuua. Lisalimie pia tanuri, ni tanuri zuri, linashika moto wake sawasawa, ila mlango unahitaji mafuta. Traudl anakusalimu na kusema unialike tena, kwamba siku zile tatu nyumba ilikuwa na raha.

Ni mimi kwa heshima, mwenye sahani nzima na moyo uliopata ufa,

Alfons Purucker

N.B. Jumatatu, asubuhi.

Mheshimiwa Profesa, sahani imevunjika.

Nilikuwa natafuta stempu ya barua hii. Traudl huziweka chini ya sahani ya mkate. Nilisogeza sahani kwa kiwiko, ikaanguka kutoka mezani, urefu usiofika hata kiunoni, juu ya sakafu ya jikoni ambayo ni laini hata kwa yai. Vipande vitano. Nilikuwa peke yangu. Hakukuwa na trekta.

Ilikuwa sauti nzuri, naomba uniamini. Nimekaa na sauti hiyo miaka yote na sijasikia iliyo bora. Kauri hufanya hivyo. Inapokea pigo Ijumaa, inakaa nalo, na inalitoa siku yake yenyewe. Kwa hiyo ni kauri, nalifuta ombi la ile hati.

Wazo langu la kwanza, nitalisema, lilikuwa kuficha vipande ndani ya koti langu la kazi na kukuomba kwa siri sahani nyingine kama ile, lakini isiyovunjika kabisa safari hii. Nilikuwa nimeshaokota viwili nilipoona miguu ya Traudl mlangoni. Alikuwa na ufagio. Alinipa kizoleo, nikapiga magoti, yeye akafagia, kama tulivyofanya mwaka wa sabini na nane mbele ya kizingiti hikihiki, isipokuwa siku ile magoti yangu hayakuwa na sauti.

“Kishike vizuri, Alfons,” akasema. “Na umwache apumue.”

Nilikishika vizuri, maana neno ni langu.

Basi ndoa imeanza, Babette ameshaarifiwa kwa simu na ameridhika. Jumamosi nitavaa ile suti ya kijivu. Naomba uichane barua hii, na ukishindwa kuichana usimpe mtu yeyote, hasa kile kipande cha mkataba wa miaka arobaini na mmoja, ingawa kama una nafasi ya kudumu siku yoyote wakitaka kurudi, mimi sijasema kitu.

Kipande cha tano nimekitia ndani ya bahasha. Mpe Tilman. Kwenye ubavu uliovunjika ataona kitone cheusi kidogo kuliko punje ya haradali, ni moshi uliokosa njia ya kutoka. Nimekumbuka ulikosa lini. Ni siku ya pili, adhuhuri, mimi ndiye niliyemwambia tuongeze moto kidogo, kwa sababu soseji zilikuwa zimefika. Mwambie huko Japani asimsikilize mzee mwenye njaa. Na mwambie aache kuniita Bwana Purucker.